Nishani ya Afande

Watu wa kwetu wakitaka kunichokoza huniuliza swali moja tu: "Koku, hivi yule Afande wenu alikuwa mkweli au mwongo?" Nami huwauliza, siku ipi? Kwa maana nilimsikia akilisema jambo lile moja mara tatu, mbele ya watu wazima wenye masikio yao, na mara zote tatu nilibaki mdomo wazi. Sasa mimi mwenyewe ni bibi, na bado sijaufunga vizuri.

Sitaeleza alizaliwa wapi. Hakutuambia, na katika nchi ya Wahaya, ambako mgeni huulizwa ukoo wake kabla hajapewa kigoda, hilo peke yake liliwapa watu la kusema. Alikuja wakati wa ujamaa, mwaka ule watu walipohamishwa na kupangwa kando ya barabara, huku kwetu Muleba, upande wa Kimwani. Kibanja chetu, yaani nyumba na shamba lake la migomba, kilikuwa kando ya barabara tayari, hivyo sisi hatukuhama. Wengine ndio waliohamia kwetu. Mwenyekiti wa kijiji alituita mkutanoni akatuonyesha mtu mrefu, mkavu, mwenye filimbi shingoni, akasema huyu ndiye mkufunzi wa mgambo. Tangu siku hiyo akawa Afande. Kama alikuwa na jina jingine, liliandikwa kwenye daftari la mwenyekiti likaishia humo.

Mwendo wake ulikuwa kichekesho. Akienda duka la ushirika kununua chumvi, anakwenda kwa gwaride. Akirudi na chumvi yake, gwaride. Wanawake waliokuwa wakichambua maharage uani walimchokoza.

"Afande, hata chumvi ni adui?"

Alisimama, akageuka, akapiga saluti. "Bado haijathibitika, mama." Kisha akaendelea na safari. Hakucheka, lakini kesho yake alipita njia ile ile, na siku iliyofuata pia. Hakuwa na mke, au kama alikuwa naye, alimwacha huko alikotoka. Alipika mwenyewe, alifua mwenyewe, na nguo zake alizianika kwa kufuata ukubwa, kubwa kulia, ndogo kushoto.

Mazoezi yalianza kabla jua halijatoka, kwa bunduki za kuchonga kwa mbao. Vijana, wazee, wote walipangwa mstari mmoja. Baba Mdogo, ndugu yake marehemu baba yangu, ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba yetu tangu tufiwe, na alikuwa mtu wa heshima zake. Afande alimlaza chini kama wengine. Nilimwona Baba Mdogo akitambaa kwa tumbo kati ya mibuni huku akilalamika kwamba ukoo wetu haujawahi kutambaa tangu enzi za wafalme. "Risasi haina shemeji, mzee," Afande alimjibu. "Shusha kichwa."

Misemo ya namna hiyo alikuwa nayo mingi. "Hofu haina cheo," alisema, akimaanisha kwamba jenerali na kuruta huogopa sawasawa. Lakini ule aliourudia kila asubuhi, hadi sisi watoto tukauimba tukienda kuchota maji, ulikuwa huu: "Mwenzako ndiye ngao yako. Ukimwacha, umejiacha."

Katika wanafunzi wake wote alimpenda zaidi kaka yangu, Mutalemwa. Kaka alikuwa na miaka ishirini hivi, mwimbaji wa kwaya ya parokia, mtu wa utani, mvivu kidogo wa jembe. Afande alimfundisha rashasha, ile bunduki ya watu wawili: mmoja hupiga, mwingine hulisha mkanda wa risasi. Walitumia gogo badala ya bunduki na ukanda wa nguo kuukuu badala ya risasi. Afande alikuwa namba moja, kaka akawa namba mbili. Hata walipokutana kanisani au dukani waliitana hivyo. "Namba mbili, mama hajambo?" "Hajambo, namba moja, amesema uje ule." Naye alikuja, akala, akasifu ndizi za mama yangu kwa sauti ya kutoa taarifa.

Vita vilipotufikia, adui alipovuka mto Kagera, tuliwaona kwanza watu wa kaskazini wakipita kwa miguu barabarani na magodoro vichwani. Baadaye malori yakaja kuchukua mgambo. Afande na kaka walipanda lori moja. Mama hakulia, alisimama kando ya barabara hadi vumbi lilipotua, kisha akarudi kupalilia.

Sasa nieleze mara ya kwanza.

Vita vilikwisha, vijana wetu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wamekonda, wanaongea kwa sauti kubwa. Kaka hakuwamo. Siku moja adhuhuri Afande akasimama uani kwetu. Mama alitoka, akamsalimu kwa heshima, "Kasinge, waitu," akamwekea kigoda. Hakuketi.

"Mama Mutalemwa," alisema, "kulikuwa na mapigano makali kwenye bonde moja ng'ambo ya mto. Mapigano yalipokwisha, kijana hakuwepo. Alikimbia."

Nilikuwa nimeshika chungu cha maji, nakumbuka kilivyoteleza. Kaka yangu, mtoro. Katika kijiji kile afadhali ungeambiwa mtu wenu ni mwizi wa kahawa.

Mama aliuliza swali moja. "Alikimbilia upande gani?"

"Sijui, mama."

Mama akaingia ndani akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni wa heshima, akampa kwa mikono miwili. Afande aliitazama ile kahawa muda mrefu. Alichukua punje moja, akaiweka mfukoni badala ya mdomoni, akapiga saluti, akaenda. Mimi nilidhani mama amepata wazimu. Anamkirimu mtu aliyetuletea aibu!

Aibu yenyewe ilikamilika pale Bukoba mjini. Shule yetu ilipelekwa kwa lori kuimba uwanjani siku ya kuwapongeza wapiganaji, na wazazi nao walikuja. Ofisa mmoja alisoma kwenye karatasi kwamba mtu huyu, yaani Afande wetu, chini ya moto mkali wa adui, wenzake walipoondoka, alibaki peke yake kwenye rashasha hadi risasi ya mwisho, na kwa kufanya hivyo akaokoa maisha ya askari wengi waliokuwa wakivuka nyuma yake. Kwa ushujaa huo anatunukiwa nishani. Uwanja ukalipuka kwa makofi. Afande alisimama wima, wakamchomeka nishani kifuani, naye akawa kama mtu anayechomwa sindano.

Nyuma yetu wanawake wa kijiji walianza kunong'ona. Wenzake walipoondoka. Kila mtu alijua nani alikuwa namba mbili. Niligeuka kumtafuta mama, nikijua nitamkuta ameinamisha kichwa. Mama alikuwa akitabasamu, kidogo tu, pembeni mwa mdomo. Hasira niliyoipata siku hiyo dhidi ya mama yangu sijawahi kuipata dhidi ya mtu mwingine.

Tangu hapo shuleni nikawa "mdogo wake mtoro". Watu wakaacha kumwita mama kwa jina la kaka. Wakawa wanamwita Mama Koku, kwa jina langu, kama vile mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Mama hakuitika. Ungeweza kumwita Mama Koku mara tano naye anaendelea kumenya ndizi. Ni Afande peke yake aliyeendelea kumwita Mama Mutalemwa.

Na hapa ndipo tabia zake za ajabu zilipoanza. Kila Jumamosi alikuja kwenye kibanja chetu bila kuitwa. Alipunguza majani makavu ya migomba, aliegemeza miti kwenye migomba yenye mikungu mizito, alitandaza nyasi, alichimba mitaro ya maji. Kaka angekuwepo, hizo zingekuwa kazi zake, na kwa kweli kaka asingezifanya vizuri hivyo. Lakini chakula chetu hakula tena ndani. Mama alimpelekea nje, akala amesimama, akaosha sahani mwenyewe. Baba Mdogo alisema huo ndio utu: shujaa anamsaidia mama wa mtoro. Nami nilimpenda. Alinifundisha kusoma dira, alinisahihishia hesabu, alinichongea kinu. Baba sikumfahamu vizuri, na kaka alikuwa amenitia aibu. Nikamweka Afande mahali pao wote wawili.

Samaki aliacha kabisa. Zamani alikuwa akimaliza sato mzima, na kichwa chake. Baada ya vita, wachuuzi wakileta samaki kutoka visiwani, kutoka Goziba na kwingineko, yeye alivuka barabara ili asipite karibu na ungo. Tulimtania. Mtu wa Kagera asiyekula samaki! Alijibu kwamba daktari wa jeshi amemkataza. Tuliamini, daktari wa jeshi ana mambo yake.

Nishani aliificha. Siku za sherehe mwenyekiti alilazimika kumtumia mjumbe amkumbushe kuivaa, naye aliivaa kwa muda wa hotuba tu, kisha ikarudi mfukoni. Watoto wakimwomba awasimulie vita, aliwasimulia habari za mpishi aliyeunguza ugali wa kombania nzima, au lori lililokwama matopeni siku tatu. Bonde lile hakuligusa.

Lakini lililowashangaza watu zaidi ni kukataa kwake kwebuga. Kwetu, kwenye harusi na sherehe kubwa, mwanaume aliyefanya jambo la kiume husimama katikati ya watu, hukabidhiwa mkuki, hutaja tendo lake: mahali, saa, aliyekuwepo, na shahidi aliyemwona. Huko ndiko kwebuga. Si majigambo ya kilabuni. Mzee wa kwetu atasema uongo sokoni na hata mahakamani, lakini si akiwa ameshika ule mkuki; inaaminika kwamba uongo wa namna hiyo humrudia msemaji. Sasa hapa tulikuwa na mtu mwenye ushujaa ulioandikwa na serikali, na kila harusi walimnyooshea mkuki, na kila harusi alikataa. "Sina shahidi," alisema. Wazee walicheka. Shahidi wako ni serikali nzima, unataka nani zaidi? Walimwona mnyenyekevu, na heshima yake ikazidi.

Miaka ikaenda. Mama alikuwa na ukaidi wake ambao sote tuliuelewa vibaya. Kwa desturi, mtu akipotelea mbali na mwili usionekane, ukoo huchukua shina la mgomba, hulizika kibanjani badala yake, watu wakalia, wakanyoa, wakamaliza. Baba Mdogo alilipendekeza mara kadhaa. Mama alikataa. Mwezi wa Novemba, Wakatoliki tunapoandika majina ya marehemu wetu ili waombewe, mama aliandika la baba, la wazazi wake, na la kaka hakuliandika. Tulisema ni aibu: atamlilia vipi mtoro? Hata mimi, binti yake niliyelala naye chumba kimoja, nilisema hivyo.

Nikapata mchumba, kijana mwalimu kutoka upande wa Kamachumu. Wazee wao walisitasita. Mjomba wake mmoja aliuliza wazi kama damu ya kukimbia haitaingia kwa wajukuu. Mwishowe walikubali, kwa kuwa mchumba wangu alikuwa mbishi, lakini siku ya harusi niliketi kwenye mkeka nikijua kila mgeni wa upande ule ananipima.

Zeze zilipigwa, lubisi, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa, wanaume wa ukoo wao wakasimama kwebuga mmoja baada ya mwingine. Ikafika zamu yetu. Desturi ni kwamba kaka wa bibi harusi ndiye huanza. Baba Mdogo akashika mkuki, akaona haya, akauliza, "Nani atasimama mahali pa kaka yake?" Wageni wakatazamana. Nilitamani mkeka unimeze.

Afande akatoka kwenye kundi la watu. Alikuwa amevaa nishani. Lubisi alikuwa ameikataa tangu asubuhi, niliona kwa macho yangu kata ikimpita mara mbili. Akachukua mkuki. Watu wakashangilia: hatimaye! Alisema kwa Kihaya, yeye aliyekuwa akiongea Kiswahili cha kambini siku zote. Naiweka hapa kama niikumbukavyo.

"Mimi ndiye niliyekuwa namba moja.
Bonde la mafunjo, ng'ambo ya mto, jua utosini.
Moto ulipotujia, niliacha rashasha nikakimbia.
Namba mbili hakukimbia.
Namba mbili ni Mutalemwa wa nyumba hii.
Alipiga peke yake hadi mkanda wa mwisho, wenzetu wakavuka nyuma yake.
Niliporudi nilimkuta kifua kimefumuka, mkono ungali kwenye bunduki.
Nilimfumba macho kwa mkono huu.
Nikaogopa watakuja wamkute aliyekufa kwenye bunduki, na aliye hai hana hata mchubuko.
Nikamburuta hadi mtoni. Maji yakamchukua.
Nikaketi mahali pake. Wakanikuta hapo, wakauliza, mwenzako yuko wapi?
Nikasema, alikimbia.
Shahidi wangu ni mimi. Hakuna mwingine."

Akauchomeka mkuki ardhini. Zeze zilikuwa zimenyamaza bila kuambiwa. Mwenyekiti alikuwa ameshika kata hewani, hajui aishushe au ainywe. Mimi nilikuwa nikiutazama ule mkono, mkono ulionichongea kinu, ulionisahihishia hesabu, nikauona ukimburuta kaka yangu kwenye majani. Ndipo nikaelewa habari za samaki.

Nitasema ukweli wangu, hata kama si mzuri. Kitu cha pili nilichohisi kilikuwa furaha. Kaka yangu hakukimbia. Baba mkwe wangu alikuwa amevua kofia. Yule mjomba aliyeuliza habari za damu alitazama chini. Kwa dakika chache nilikuwa dada wa shujaa, na maiti ya kaka yangu ilikuwa mtoni, na vyote viwili vilinijaa kifuani kwa pamoja.

Afande alivua nishani, akaenda hadi mlangoni alikosimama mama, akapiga magoti kama wanawake wapigavyo, akamnyooshea. Mama hakuipokea. Hakupaza sauti.

"Nilikuwa na mwana aliyekimbia," alisema. "Aliyekimbia hurudi. Miaka yote hii namngoja, kila basi likisimama namngoja. Wewe mwenyewe ulinipa habari hiyo, nikakupa kahawa. Leo nani amekutuma uje umuue?"

Akaingia ndani. Ndipo lile tabasamu la uwanjani lilipoeleweka, na ile kahawa, na majina ya Novemba. Mtu mmoja tu katika kijiji kizima ndiye aliyefurahia kusikia kwamba Mutalemwa ni mtoro, na sote tulimwonea huruma kwa jambo ambalo lilikuwa tumaini lake. Afande alibaki amepiga magoti. Nadhani alikuwa amejiandaa kupigwa, kufungwa, hata kuuawa. Hilo la mama hakuwa amejiandaa nalo. Hakuna aliyemwinua.

Wiki iliyofuata Baba Mdogo hakungoja ruhusa. Ukoo ulikata shina la mgomba, Afande akachimba kaburi peke yake tangu asubuhi hadi saa saba, likazikwa kwa heshima zote, hata padri akaja kusali. Mimi nililia kwa sauti, nikanyoa nywele, bibi harusi wa siku nane. Nilitaka kaburi lile. Nilitaka watu wapite barabarani waulizane ni la nani, waambiwe. Mama alikaa ndani, nywele zake zikiwa vile vile. Siku ya tano nilikuja kumwona nikamkuta uani na panga. Alikuwa amelifukua lile shina, analikatakata na kumpa ng'ombe.

"Mama, umefanya nini?"

"Mgomba ni chakula cha ng'ombe," alisema. "Nipishe."

Afande alijaribu kurudisha nishani. Alikwenda mjini, ofisi moja hadi nyingine, akiwa ameifunga kwenye leso. Karani mmoja alimweleza kwamba ipo fomu ya nishani iliyopotea, lakini ya mtu asiyeitaka haipo. Ofisa mwingine, mtu mpole, alimsikiliza habari yote, akamtazama, akasema, "Mzee, vita huchosha akili. Nenda kapumzike." Alirudi nayo. Kijijini watoto waliacha kumpigia saluti. Jumamosi moja alikuja kwenye kibanja chetu kama kawaida, akakuta mama amefunga lango kwa miti ya buni. Alisimama pale nje kitambo, kisha akageuka. Mwezi ule ule akahamia Bukoba mjini, Hamugembe, akapanga chumba katikati ya migomba ya watu, akawa mlinzi wa ghala.

Mimi sikumtafuta. Nilikuwa na hasira naye ya aina mbili ambazo hazikupatana: kwamba alisema uongo, na kwamba alichelewa kusema ukweli. Ila ule ukweli wenyewe niliushika kwa mikono yote miwili. Mtoto wangu wa kwanza nilimpa jina la kaka, na shuleni mume wangu aliwasimulia wanafunzi habari za mjomba wa mtoto huyo aliyebaki kwenye bunduki.

Mwaka wa tatu mama akaugua moyo. Miguu ilivimba, akawa anapumua kwa kukaa. Siku moja akaniambia, "Niitie Afande. Nina swali."

Nilimkuta Hamugembe akifagia mbele ya chumba chake. Alikuwa amezeeka ghafla. Nguo kwenye kamba zilikuwa zimeanikwa ovyo, soksi kando ya koti. Nilipomwambia, hakuuliza kitu. Alinawa uso, akavaa shati safi, tukaenda kupanda basi. Njia nzima tulikaa kiti kimoja bila kuzungumza. Karibu na Muleba nikashindwa kuvumilia.

"Atakachokuuliza, sema kweli tupu," nilimwambia. "Kama siku ya harusi. Usije ukambadilishia maneno mtu anayekufa."

"Ndiyo, mwanangu," alisema.

Tulifika alasiri. Chumbani walikuwemo Baba Mdogo, mwenyekiti, na wanawake wanne wa jumuiya waliokuja kusali. Wote walikuwepo harusini. Mama aliegemezwa kwenye mito. Afande alisimama miguuni pa kitanda, mikono ubavuni, wima.

"Kasinge, Mama Mutalemwa."

"Kasinge. Sogea, sioni vizuri." Alisogea. "Nakuuliza mbele ya hawa. Siku ile ya harusi ulisema ulimshika mwanangu kwa mkono wako. Na kabla ya hapo uliniambia alikimbia. Mimi ni mzee, siwezi kwenda na mambo mawili. Ulimwona amekufa?"

Nilimtazama Afande nikingoja aseme ndiyo.

"Hapana, mama," alisema. "Sikumwona amekufa. Alikimbia."

Baba Mdogo akaruka kutoka kwenye kigoda. "Ulishika mkuki wetu! Ulishika mkuki ukasema..."

"Nilikuwa nimelewa, mzee," Afande alisema, bila kumgeukia. "Nilisema uongo. Rashasha niliipiga mimi. Kijana alipita kwenye mafunjo, akapanda kilima cha upande wa pili. Nilimwona mgongo wake. Hakugeuka nyuma."

Baba Mdogo alitema mate mlangoni akatoka. Mwenyekiti alimfuata. Wanawake wale wanne wakanigeukia mimi. Mimi ndiye niliyemwona akiikataa lubisi, na walijua kwamba nilijua. Neno moja langu lingetosha. Kaka yangu alikuwa akivuliwa heshima yake mbele yangu, na kesho kijiji kizima kingekuwa kimesikia, na mwanangu aliyebeba jina lile angekwenda shule ile ile niliyosoma mimi. Nilifungua kinywa. Afande akanitazama. Hakuniomba kitu, alitazama tu, jasho likimtiririka shingoni. Nikatazama ukutani.

Mama alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Alikuwa na viatu?" aliuliza.

"Alikuwa navyo, mama. Vya jeshi. Vipya."

Mama akakilaza kichwa taratibu, akafumba macho.

"Basi atakuwa amefika mbali," alisema.